Maji ya Kuoga kwa Jua la Tabora: Mwongozo Kamili wa Sola ya Maji Isiyopoa Usiku

Lalamiko ni lile lile kila kipupwe kinapoingia: pipa limepakwa rangi nyeusi, limepandishwa juani, saa 10 jioni maji yana uvuguvugu wa kutia moyo, na saa 12 asubuhi ni ya kutia ganzi. Mwenye nyumba anarudi kwenye koili ya umeme au jiko la mkaa na kusema sola ya maji ni uongo.

Si uongo. Pipa hilo lina makosa mawili. La kwanza, lita 200 ni maji mengi mno kwa eneo dogo la pipa linalotazama jua. La pili, ambalo ndilo kubwa, pipa lipo uchi. Chukua pipa la lita 190 lenye nyuzi 43 jioni, lisilofunikwa na chochote, katika usiku wa nyuzi 18: kukicha litakuwa limeshuka hadi kama nyuzi 25. Pipa hilo hilo likifungwa kwa sentimita 15 za pumba kavu linapoteza nyuzi 3 hadi 5 tu. Jua la Tabora halina ubahili. Kazi ni kulilaza joto lake hadi asubuhi.

Hesabu ya umeme ni fupi. Kupandisha lita 1 kwa nyuzi 1 kunakula wati-saa 1.16. Familia ya watu 5, kila mmoja na ndoo yake ya lita 20 asubuhi, maji yakitoka nyuzi 22 kwenda 42, inatumia yuniti 2.3 kwa siku. Kwa mwezi ni karibu yuniti 70, za kuoga peke yake. Aliye kwenye tarifu ndogo ya yuniti 75 kwa mwezi hapo hajawasha hata taa. Kwa jiko la kawaida la mkaa, kazi hiyo hiyo inachukua kilo 1 hadi 1.5 kila siku.

## Vifaa

Vya sanduku la kioo (sehemu inayokamata jua na kupeleka maji moto kwenye pipa):

- Bomba la chuma la nusu inchi, urefu 3 wa mita 6
- Bomba la chuma la inchi 1, urefu 1 wa mita 6
- Shiti 1 ya bati bapa, futi 4 kwa 8
- Waya wa kufungia nondo, kilo 1
- Rangi ya ubao wa shule, lita 1
- Mbao za inchi 1 kwa 6, kavu, na plaiwudi ya kufunika mgongo
- Vioo 2 vya milimita 4, kila kimoja sentimita 105 kwa 98
- Silikoni, mirija 2

Vya pipa na njia za maji:

- Pipa la plastiki la bluu la lita 200 na ushee, lenye mfuniko
- Viungo vya tanki 5, vile vyenye nati na mpira pande mbili: 2 vya inchi 1 na 3 vya nusu inchi (kimoja ni cha ndoo)
- Bomba za PPR (plastiki ngumu ya maji moto) za inchi 1 na elbo zake, kwa mzunguko wa maji moto
- Ndoo ya lita 20 yenye mfuniko, na floti ya nusu inchi (koki yenye boya, inayojifunga maji yakijaa)
- Geti valvu 2
- Pumba za mpunga, gunia 8 hadi 10
- Mbao na bati za kujengea kibanda cha pipa, na tofali za mnara

Pumba utazipata kwenye mashine za kukoboa. Wa Igunga na Nzega wamezungukwa nazo. Tunazipendelea kuliko maranda ya fundi seremala kwa sababu haziozi upesi na mchwa hawazitamani sana. Maranda yanafaa pia, ila yakipata unyevu umekwisha.

Onyo kuhusu pipa. Uliza lilibeba nini. Katika mkoa unaolima tumbaku, mapipa mengi yanayouzwa kwa bei poa yalikuwa na dawa za mashambani. Hilo halioshwi likaisha. Nunua lililobeba mafuta ya kula, juisi au sabuni, na linuse kabla ya kutoa hela.

## Hatua ya 1: Chagua mahali

Tabora ipo karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Katikati ya Juni, jua la saa 6 mchana linakuwa limeegemea kaskazini kwa nyuzi 28 hivi. Huo ndio msimu unaohitaji maji moto kuliko wakati wowote, kwa hiyo sanduku litazame kaskazini. Desemba jua linahamia kusini kidogo, lakini hapo kuna mvua na joto la kutosha, usimpendelee Desemba.

Inua ncha ya juu ya sanduku iizidi ya chini kwa sentimita 75. Hapo una mlalo wa nyuzi 23, unaofaa kuanzia Mei hadi Agosti. Wa Kigoma atumie vipimo hivi hivi, maana latitudo ni karibu ile ile.

Kisha mwembe. Tabora haina uhaba wa miembe, na kivuli cha mwembe cha saa 3 asubuhi kina tabia ya kufika mahali ambapo hakikuwepo ulipopima mchana. Simama pale saa 3, saa 6 na saa 9. Kama kivuli kinafika hata nusu ya sanduku kabla ya saa 9 alasiri, hama.

## Hatua ya 2: Choma fremu ya mabomba

Kata kila bomba la nusu inchi vipande 3 vya mita 1.8. Utapata vipande 9. Vile vya sentimita 60 vinavyobaki usiviunganishe kupata cha kumi: kila kiungo cha katikati ni mlango wa kuvuja.

Kata bomba la inchi 1 vipande 2 vya sentimita 116. Toboa kila kimoja matundu 9 ya milimita 21, la kwanza likiwa sentimita 14 kutoka mwisho, na kati ya tundu na tundu sentimita 11. Mabomba membamba yasimame kati ya hayo mawili kama ngazi, kisha fundi achomelee.

Mwambie fundi mambo mawili. Kwanza, bomba jembamba lisizame ndani ya lile nene. Liishie kwenye ukuta wake, la sivyo linaziba njia. Pili, mabomba haya yana zinki. Moshi mweupe wa zinki ni sumu, unaleta homa ya usiku ambayo mafundi wengi wanaidhania malaria. Asage zinki sehemu ya kuchomelea, akae nje, upepo ukiwa mgongoni.

Ncha za mabomba manene: chini kushoto ni mlango wa maji baridi, chini kulia weka geti valvu ya kutolea matope, juu kulia ni njia ya maji moto, juu kushoto ziba. Maji yakiingia kona moja na kutokea kona ya mshazari, mabomba yote 9 yanapata sehemu sawa. Ukiweka mlango na njia ya kutokea upande mmoja, mabomba ya upande wa pili yatakaa na maji yaliyosimama.

Utajuaje imekaa sawa: jaza maji, ziba, acha saa 1. Pitisha kidole kavu kwenye kila kiungo. Tone moja leo ni kuvunja sanduku zima mwezi ujao.

## Hatua ya 3: Bati, rangi na sanduku

Kata bati sentimita 100 kwa 175 uliweke nyuma ya mabomba membamba. Lifunge kwa waya kila sentimita 15, ukivuta kwa koleo mpaka bati likumbatie bomba. Hapa ndipo wengi wanapolegea. Bati linalogusa bomba hapa na pale linapata moto lenyewe na kuyaacha maji yalivyo. Ukiweza kupitisha karatasi kati ya bati na bomba, kaza tena. Fundi mwenye subira hugonga kwanza mifereji kwenye bati ili bomba lilale ndani yake, na tofauti yake inaonekana.

Paka rangi ya ubao mikono 2. Isiwe ya kung'aa.

Sanduku la mbao liwe na nafasi ya ndani ya sentimita 102 kwa 192. Mgongoni weka sentimita 6 za pumba, juu yake fremu, kisha kioo kikae sentimita 3 hadi 5 juu ya bati. Weka papi ya mbao katikati ya kubebea maungio ya vioo. Ziba pembeni kwa silikoni, ila toboa matundu 2 madogo ukingo wa chini, mvuke utoke. Bila hayo kioo kitakuwa na ukungu kila asubuhi hadi saa 4.

Usiweke stairofomu wala sponji ya godoro nyuma ya bati. Siku maji yakikosekana, sanduku tupu juani linaweza kupita nyuzi 100, na vitu hivyo vitanywea na kunuka.

## Hatua ya 4: Mnara na kibanda cha pipa

Pipa likijaa, pamoja na pumba na kibanda, ni karibu kilo 300. Halipandi juu ya paa la mbao za 2 kwa 4. Jenga mnara wa tofali wenye msingi, au stendi ya chuma.

Urefu ndio siri ya mtambo mzima, maana hakuna pampu. Maji yakipata moto yanakuwa mepesi, yanapanda yenyewe kwenda kwenye pipa, na baridi la chini ya pipa linashuka kuchukua nafasi. Kwa hiyo tako la pipa lazima liwe juu ya ncha ya juu ya sanduku, angalau sentimita 30. Ncha ya chini ya sanduku ikiwa sentimita 40 kutoka ardhini, ya juu itafika mita 1.15. Sakafu ya kibanda iweke mita 1.45, ukiongeza sentimita 15 za pumba, tako la pipa lipo mita 1.6. Hapo una sentimita 45 za usalama.

Ukiviweka usawa mmoja, mchana utafurahi na usiku utalia. Giza likiingia sanduku linapoa kwa kutazama anga, maji yake yanakuwa mazito, mzunguko unageuka, na maji moto ya pipa yanatembezwa chini kwenda kupoa.

Kibanda kiwe na nafasi ya ndani ya sentimita 90 kwa 90, na kimo cha sentimita 125. Kabla ya kuingiza pipa, litoboe. Vipimo vyote ni kutoka kwenye tako:

- Sentimita 6, inchi 1: maji baridi kwenda kwenye sanduku
- Sentimita 10, upande wa pili, nusu inchi: maji mapya kutoka kwenye ndoo ya floti
- Sentimita 60, inchi 1: maji moto kutoka kwenye sanduku
- Sentimita 72, nusu inchi: maji moto kwenda bafuni

Kwenye mfuniko toboa tundu dogo la kupumulia.

Pipa lisikae juu ya pumba tupu, litazikandamiza na kuvuta mabomba. Liweke juu ya vipande 4 vya mbao kavu vyenye kimo cha sentimita 15, pumba zijaze kati yake.

## Hatua ya 5: Unganisha njia za maji

Bomba la maji moto, kutoka kona ya juu ya sanduku hadi tundu la sentimita 60, lipande muda wote. Lisilale, lisishuke hata kidogo, lisipige kiwiko kwenda chini ili kukwepa dirisha. Sehemu yoyote yenye kigongo inakusanya hewa, na kifuko cha hewa kinasimamisha mzunguko kama kizibo. Sanduku lenyewe liinue upande wa kulia kwa sentimita 2 ili hewa ijue pa kutokea.

Tumia PPR. PVC ya kawaida inalainika maji yakipita nyuzi 60, na inaanza kulegea kwenye maungio kabla hujagundua.

Ndoo ya floti iweke ubavuni mwa kibanda, urefu ambao maji yake yatasimama kwenye alama ya sentimita 80 ya pipa. Chini ya ndoo toa bomba la nusu inchi, weka geti valvu, liende kwenye tundu la sentimita 10. Ndani ya pipa funga elbo iliyogeuzwa chini, ili maji mapya yaingie kwa upole sakafuni yasiyakoroge yale ya moto juu.

Floti iunganishe na simtanki, usiiunganishe moja kwa moja na bomba la idara. Hata baada ya maji ya Ziwa Victoria kufika, mgao haujawa hadithi ya kale. Maji ya pipa yakishuka chini ya sentimita 72, bafuni hakutoki kitu. Yakishuka chini ya 60, mzunguko unasimama ingawa jua linawaka.

Jaza mtambo kwa mara ya kwanza kutoka chini: funga mpira kwenye valvu ya matope, sukuma maji taratibu hadi yatokee kwenye pipa. Ukijaza kutoka juu unaifungia hewa ndani ya mabomba.

## Hatua ya 6: Jaza pumba

Pipa liwe limejaa maji kwanza, ili lishike umbo lake. Kagua maungio siku nzima. Hapo ndipo umwage pumba, ukizishindilia kwa mkono kila sentimita 20. Juu ya mfuniko weka sentimita 20 ndani ya mfuko wa sandarusi, ili uweze kuuinua siku ya kukagua.

Zianike juani siku 2 kabla. Shika konzi, kunja ngumi, fungua: zikimwagika zote, ni kavu, zikiganda, bado. Pumba zenye maji zinapitisha joto badala ya kulizuia, na mvua ya kwanza ya Novemba ikipenyeza kwenye kibanda utaiona kwenye maji ya asubuhi kabla hujaiona kwenye mbao. Bati la juu la kibanda lizidi kuta kwa sentimita 15 kila upande.

Vaa barakoa. Vumbi la pumba linakwaruza koo.

Mabomba ya nje yafunge kwa vipande vya sponji ya godoro, kisha nailoni juu. Mita 2 za bomba tupu zinaweza kukuibia joto mchana kutwa.

## Hatua ya 7: Jaribu siku ya kwanza

Saa 4 asubuhi shika bomba la juu la sanduku kwa mkono mmoja, la chini kwa mkono wa pili. La juu liwe la moto wazi, la chini la baridi. Yote mawili yakiwa sawa, una hewa ndani.

Saa 10 jioni, siku isiyo na mawingu, maji ya juu ya pipa yanapaswa kuwa nyuzi 40 hadi 45. Kipimajoto cha jikoni kinatosha.

Saa 4 usiku shika tena bomba la juu, pale linapotoka kwenye sanduku. Liwe baridi. Likiwa na uvuguvugu, mzunguko umegeuka: pandisha pipa au shusha sanduku.

Saa 12 asubuhi pima tena. Ukipata 37 na kuendelea, oga.

## Yanayoharibika, na dawa yake

Kioo cha moto, maji baridi. Bati halijagusa mabomba, au hewa imeziba. Anza na hewa: fungua valvu ya matope, sukuma maji kutoka chini tena.

Jioni ni moto, asubuhi baridi. Mzunguko wa usiku, au pumba zimelowa. Kipimo cha saa 4 usiku kitakutenganishia.

Maji moto yanaisha baada ya watu 2. Kuna anayeoga kwa maji matupu ya pipa. Ndoo ya lita 20 inahitaji kuchanganywa kwa kipimo chenu. Tena angalia elbo ya ndani haijageuka ikatazama juu.

Nguvu ndogo bafuni. Mnara wa mita 1.6 hautakupa shawa ya hotelini. Weka bomba la kujazia ndoo, au shawa iliyoshushwa.

Ufanisi unashuka Agosti. Vumbi. Pangusa kioo kila wiki, alfajiri kikiwa baridi. Ukimwagia maji baridi mchana kitapasuka.

Kuna jambo la afya pia. Bakteria wa legionela, wanaoleta ugonjwa wa mapafu, hustawi kwenye maji ya nyuzi 25 hadi 45, na hufa yakikaa kwenye 60. Mara moja kwa wiki msiyaguse maji siku nzima yenye jua, yapande, kisha myatumie kwa kuchanganya. Siku hiyo watoto wasifungue bomba wenyewe: maji ya nyuzi 60 yanaunguza ngozi kwa sekunde chache. Na mkisafiri, funikeni kioo kwa turubai, pipa la plastiki lisipikwe wiki nzima.

## Msimu wa mvua

Kati ya Novemba na Aprili kuna siku maji yataishia nyuzi 30. Usiyadharau. Ndoo ya nyuzi 30 kuifikisha 42 inahitaji nyuzi 12 badala ya 20, yaani umeme pungufu kwa asilimia 40. Chota kwanza, pasha kwenye ndoo ya plastiki, chomoa koili ukutani, ndipo uguse maji. Koili haiingii kwenye pipa hata siku moja.

## Mwenye sinki la kulala au jakuzi

Sinki la kulala la lita 150 linajazwa na mtambo huu bila tatizo, mara moja kwa siku. Jakuzi la lita 1,000 ni habari nyingine: nyuzi 20 zake ni yuniti 23, na masanduku ya kuifanya kazi hiyo kwa siku moja ni kama 5.

Kabla ya kuongeza sanduku la pili, nunua kifuniko. Joto la maji yaliyo wazi linaondoka zaidi kwa mvuke: kila lita 1 inayokauka inabeba karibu yuniti 0.67, ambazo ni zaidi ya nusu nyuzi kwa jakuzi zima. Kiangazi cha Tabora, chenye hewa kavu na upepo wa jioni, kinazikausha lita hizo bila wewe kuona. Laza nailoni nzito juu ya maji yenyewe, iguse, kisha juu yake sponji ya sentimita 5 iliyoshonewa turubai. Iondoe mnapoingia, irudishe kabla hamjajifuta.